Sanduku Lililoitwa Cherehani

"Afichaye jina la mzigo huubeba mwenyewe."

Mwalimu wa kwaya alisema hivyo akaondoka, akamwacha Milembe na kisu cha kumenyea mihogo mkononi, macho yamemvimba. Alikuwa amemwuliza mara tatu anachokililia, na mara zote tatu msichana alijibu kwamba ni moshi. Vijana wenzake, waliokuwa wakimenya mihogo ya harusi ya kesho, walitazamana. Jilala akamgeukia Bibi Kashindye, mpishi mkuu wa shughuli zote za kanisa.

"Bibi, ni mzigo gani huo wenye jina?"

"Kila mzigo una jina," alisema Bibi Kashindye huku akisogeza beseni. "Na methali hiyo naijua mpaka mahali ilipozaliwa. Ilizaliwa stesheni ya Isimbila, siku ya Alhamisi, kwa sababu ya bastola. Nyie menyeni, mimi nisimulie."

Wakati huo treni bado zilikuwa za moshi. Wachukuzi wa Isimbila walikuwa Wanyamwezi, wajukuu wa wale wapagazi waliokuwa wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Reli ilipokuja, misafara ilikufa, lakini desturi za wapagazi zilibaki. Mzigo haukupanda begani kabla ya kutajwa jina. Karani wa mizigo aliita, "Mayai," mchukuzi wa kwanza akarudia, "Mayai," wa pili naye vivyo hivyo, mpaka behewani, ili kila bega lijue linapokea nini. Kisha, kama ni sanduku, mchukuzi alilibisha hodi kwanza. Aliligonga mara tatu kwa ngumi ili vitu vya ndani vikae sawa. Na ilikuwapo desturi moja iliyotumika kwa nadra sana: mzigo ukionekana una majina mawili, hakuna mchukuzi atakayeugusa. Mwenyewe ataubeba.

Ndalahwa alizijua desturi hizo kuliko alivyojua kusoma. Alikuwa mchukuzi namba saba, na namba hiyo ilichongwa kwenye beji ya shaba aliyoivaa mkononi. Baba yake, Mzee Kapera, alikuwa askari wa wanyamapori. Alipofariki aliacha baiskeli, koti zito na bastola iliyokuwa imelazwa chini ya kanga za mkewe. Bastola ilikuwa na leseni, lakini leseni ilikuwa ya marehemu. Haikupita siku nyingi, barua ikaja kutoka polisi wa mkoa. Silaha irudishwe kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi, vinginevyo aliyebaki nayo nyumbani ataitwa mahakamani kujibu.

Aliyebaki nayo alikuwa mama yake, Bi Nyamizi, mwanamke ambaye hata kisu cha kuchinjia kuku alikishika kwa vidole viwili.

"Ipeleke, mwanangu," alimwambia. "Mimi mahakama sijui hata mlango wake unatazama wapi."

Ndalahwa akaenda kwa karani wa mizigo, Bwana Pazi. Huyo alikuwa Mzaramo, kwa hiyo mtani wake.

"Bwana Karani, kuna mtu ananiuliza. Ukitaka kusafirisha bastola kwa treni inakuwaje?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mwambie huyo mtu tu," alisema Pazi akifungua kitabu cha masharti, "kwanza alete barua ya ruhusa ya polisi. Pili, sanduku la mbao lenye kufuli. Tatu, risasi zitolewe zote, zifungwe kwenye sanduku lake peke yake. Stesheni ya kupokea ipelekewe taarifa mapema. Na asindikizwe na askari, nauli ya askari kwenda na kurudi ni juu ya mwenye mzigo." Akapiga hesabu pembeni mwa gazeti. "Shilingi arobaini na mbili. Akishindwa, mwambie awinde kwa mkuki kama babu zenu."

Mshahara wa Ndalahwa ulikuwa shilingi hamsini kwa mwezi.

"Na cherehani?" aliuliza.

"Cherehani ni shilingi tatu na nusu. Huyo mtu anashona pia?"

Ndalahwa alicheka kidogo, akaaga. Njiani alifikiri. Fedha zilimwuma, lakini haya ilimwuma zaidi. Akienda kwa Konstebo Gwasa wa kituo cha polisi cha Isimbila kuomba barua hiyo ya ruhusa, mji mzima utajua kwamba chini ya kanga za Bi Nyamizi kulikuwa na bunduki. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakulisema hata kwa mama yake. Bastola ilikuwa na risasi ndani, na yeye hakujua jinsi ya kuzitoa. Kuuliza jinsi ya kuzitoa kungekuwa sawa na kusema anayo.

Akatengeneza sanduku la mbao. Akaifunga bastola katika koti la baba yake, akailaza ndani, akapigilia misumari polepole, kila pigo akikaza meno. Jina alilichagua kwa ujuzi wa kazi yake. Cherehani hushushwa kwa mikono miwili. Cherehani hailaliwi na gunia. Katika mizigo yote ya bei ndogo, hakuna uliobebwa kwa heshima kama huo. Alichosahau ni kwamba cherehani nayo hubishwa hodi.

Alhamisi mchana treni iliingia. Ndalahwa alilipa shilingi tatu na nusu kama abiria mwingine yeyote. Kwa zamu, siku hiyo magunia ya unga yalikuwa yake, na masanduku yalikuwa ya Mzee Sizya, mchukuzi mkongwe kuliko wote, mtu ambaye bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto.

"Cherehani," aliita Pazi.

"Cherehani," alirudia Mzee Sizya. Akaliinamia sanduku, akaliinua ncha moja kidogo, akaliweka tena. Kisha akakunja ngumi.

Ndalahwa alilitupa gunia la unga, akamdaka mkono.

"Usigonge, mzee wangu."

"Kwa nini nisigonge? Cherehani ni chuma."

"Kuna kioo ndani."

Wachukuzi wakasimama. Pazi alitoa kichwa dirishani.

"Cherehani ya kioo? Hiyo inashona nini, maji? Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, leo kijisanduku kinawatetemesha."

Watu walicheka. Mzee Sizya hakucheka. Alimtazama Ndalahwa, kisha sanduku, kisha Ndalahwa tena.

"Karani amesema cherehani," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umesema kioo. Mzigo huu umekuwa na majina mawili. Nipe la tatu, ndugu yangu, lililo la kweli, nami nitaubeba kama mtoto mchanga."

Ndalahwa alitazama kando ya reli. Mama yake alikuwa amesimama pale na kanga yake nzuri, amekuja kuuaga mzigo. Karibu naye walikuwa wauza karanga, abiria, watoto, mji mzima. Aliinamisha kichwa, asilitaje jina. Treni ikapiga honi.

Mzee Sizya akajifuta mikono kwenye suruali. "Basi, ni wako."

Pazi akamrudishia shilingi tatu na nusu. Treni ikaondoka.

Kutoka Isimbila hadi mkoani ni maili arobaini na saba. Ndalahwa alijitwika sanduku, barua ya polisi wa mkoa mfukoni, akaifuata reli kwa miguu. Alikuwa amezoea kubeba, lakini mzigo wa stesheni huubeba hatua arobaini, ukaukabidhi. Huu haukuwa na wa kumkabidhi.

Maili ya tatu alipitwa na mkokoteni wa ng'ombe.

"Pandisha mzigo, bwana," alisema mwenye mkokoteni. "Umebeba nini?"

Ndalahwa aliutazama mkokoteni ukirukaruka juu ya mawe. "Vitu vyangu tu."

"Haya, endelea na vitu vyako tu."

Maili ya saba mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi alimwita akae kivulini, atue. Kivulini palikuwa na watoto watatu wakicheza, na mmoja tayari alikuwa akilitazama sanduku kwa tamaa ya kulikalia. Ndalahwa alinunua viazi viwili, akavila akiwa amesimama juani, mzigo begani. Yule mama alimwona mtu wa ajabu, akaacha kumsemesha.

Hapo ndipo alipoanza kuelewa. Uzito wa bastola haufiki hata wa kuku. Kilichomlemea hakikuwa ndani ya sanduku.

Ijumaa asubuhi alifika kituo kidogo cha Ngulu, maili kumi na mbili tu kutoka alikoanza. Bega lilikuwa limechubuka. Alikaa kwenye jiwe mbali na watu, sanduku mapajani, akahesabu maili zilizobaki, akaona kwamba kwa mwendo ule hataiwahi saa sita ya Jumamosi.

Akasikia kengele ya baiskeli. Aliyeendesha alikuwa Konstebo Gwasa, amevaa sare kamili. Aliyekaa nyuma, miguu ikining'inia, alikuwa Mzee Sizya.

"Afande, ndiye huyu," alisema Mzee Sizya akishuka kwa shida. "Lo, baiskeli yako ina mifupa kuliko mimi."

"Umebeba nini, Ndalahwa?" aliuliza Gwasa.

Ndalahwa alimtazama Mzee Sizya kana kwamba anamwomba amjibie.

"Usinitazame mimi," alisema mzee. "Niliinua ncha ya sanduku lako, kitu kikateleza ndani. Cherehani haitelezi. Marehemu baba yako nilikula naye, na najua alichokuwa akitembea nacho. Nadhani najua. Lakini mzigo hutajwa na mwenyewe."

Ndalahwa alilishika sanduku kwa mikono miwili.

"Ni bastola ya baba," alisema. "Ina risasi. Sijui kuzitoa. Na isipofika kesho, mama ataitwa mahakamani."

Gwasa hakukunja uso. Aliliweka sanduku chini, akang'oa misumari kwa kisu chake, akalifungua koti. Akaigeuza bastola upande usio na watu, akaifungua, akazimimina risasi sita ndani ya kofia yake. Kazi yote haikuchukua muda wa kumenya muhogo mmoja.

"Mzee Sizya angegonga," alisema, "leo tungekuwa tunamzika mtu. Kwa nini hukuja kwangu?"

"Nauli ya askari, afande. Kwenda na kurudi. Sikuwa nayo."

Gwasa aliifunga bastola tena katika koti. "Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mimi nakwenda mkoani kuchukua mishahara ya kituo. Nina tiketi ya serikali. Hata leo nakwenda, ila nimekuja kupandia treni hapa Ngulu kwa ajili yako. Ungeniambia una nini, ungelipa sanduku na ada yake tu. Nauli yangu isingekuhusu."

Mzee Sizya alivuta shati la Ndalahwa kutazama bega, akatikisa kichwa.

Bastola ilifika mkoani jioni hiyo, risasi zikiwa kando. Jumamosi kabla ya saa sita Gwasa alipewa stakabadhi, na Bi Nyamizi hakuitwa popote. Bwana Pazi alimnyang'anya Ndalahwa beji yake kwa miezi miwili, kwa sababu masharti ni masharti hata kwa mtani. Siku aliporudishiwa beji, wachukuzi walimsimamisha kwenye mstari, wakamletea mzigo wa kwanza, kikapu cha mayai, na Mzee Sizya akamwuliza kwa heshima kubwa, "Samahani, ndugu yangu, huu unaitwaje?"

Stesheni nzima ilicheka, naye Ndalahwa akacheka. Ikawa tangu siku hiyo, mtu akionekana anahangaika na jambo na hataki kulisema, wachukuzi wanamwambia maneno yale ya methali. Kisha wauza karanga wakayachukua, abiria wakaenda nayo mbali, yakatufikia hata sisi tusiowahi kufika Isimbila.

Bibi Kashindye alivuta beseni karibu. Lilikuwa limejaa, na hakuna aliyekuwa ameona lilivyojaa.

"Afichaye jina la mzigo huubeba mwenyewe," alisema taratibu, bila kumtazama mtu yeyote.

Milembe aliweka kisu chini. Akasogeza kigoda chake mpaka kikagusana na kile cha bibi.

"Bibi," alisema, "ukimaliza hadithi, nataka nikutajie wa kwangu."

"Nimeshamaliza," alisema Bibi Kashindye, akajifuta mikono.