Bangili Yenye Alama za Meno

Zamani za Sultani Jaufari bin Mutwahari, mtawala wa mji wa Zumbari, palikuwa na soko la dhahabu ambalo mfano wake hamjauona, na wala mimi sijauona, nami nimezunguka. Na mtu akiwaambia ameuona, mleteni kwangu nimuulize maswali mawili tu. Kila asubuhi, watu wakisha kutoka msikitini, mnadi wa Sultani hupanda ngazi za soko, akapuliza siwa, akatangaza bei ya wakia moja ya dhahabu kwa siku ile, na ikisha kutangazwa hapana wa kuipunguza wala wa kuizidisha mpaka siwa ya kesho. Na palikuwa na sheria iliyowekwa na babu yake Sultani, kwamba dhahabu yoyote iliyouzwa sokoni, iwe mkufu, iwe pete, iwe kipini cha puani, itiwe katika tanuri la Sultani siku ile ile, iyeyushwe na kupigwa mhuri, ili mwizi akose pa kuuzia, na mtu asirudi kudai alichokwisha kukiuza.

Mwisho kabisa wa soko hilo, jirani na wauza makaa, alikaa Hamduni bin Nasibu, mnunuzi wa dhahabu chakavu, naye hakuwa na kitu ila mizani na ulimi. Wanawake walimletea hereni zilizovunjika na mikufu iliyokatika, na wengi wao, kabla ya kukitia kitu chao katika mizani, hukibusu. Hamduni alikuwa akicheka, akiwaambia, "Bibi, mizani haijui kulia. Dhahabu ni dhahabu. Ukipata pesa utanunua nyingine ya uzito ule ule, itakuwa kama hukuuza." Na maneno haya aliyasema kwa wengi, na kwa miaka mingi, hata mwenyewe akayaamini, na hapo ndipo alipoponzeka.

Mkewe akiitwa Bi Ghanima binti Suudi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bangili aliyoachiwa na marehemu mama yake, ya dhahabu tupu isiyotiwa shaba, na dhahabu tupu, kwa asiyejua, ni laini. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, Sabiha, na alipoanza kuota meno hakutaka kutafuna kitu kingine chochote ila bangili ile, akiing'ata huku mama yake anapepeta mchele, hata akaiachia ukingoni alama nne, ndogo kama tembe za mtama. Kisha ndui ikaingia mjini, na Sabiha akaenda nayo. Tangu hapo Bi Ghanima, akizungumza na watu au akikoroga chungu, kidole gumba chake cha kulia huzipapasa alama zile bila ya mwenyewe kujua.

Basi siku moja akapita mgeni kutoka nchi za jangwani, akamuuzia Hamduni jiwe jeusi la kupimia dhahabu, lile ambalo ukilisugua kwa pete, rangi ya mstari hukwambia pete ni ya kweli au ya uongo. Hamduni akalijaribu kwa pete aliyoinunua asubuhi. Aliposugua tu, jiwe likafoka moshi, wauza makaa wakadhani mali yao imeshika moto, na ndani ya moshi akatokea jini mnene, ndevu zake zimetiwa hina, na sikio moja lina pete na la pili halina.

"Ni nani huyu anayenikwaruza ubavu kwa shaba?" akauliza jini.

Hamduni, badala ya kuogopa, akaitazama pete. "Kumbe ni shaba?"

"Ni shaba, nawe umeinunua kwa bei ya dhahabu. Kazi ninayo."

Jini huyo jina lake Kardushi, naye alifungwa katika jiwe na hakimu mmoja wa kale aliyechoshwa na mdomo wake, akaandikiwa kumtumikia kila atakayelimiliki jiwe, lakini si kwa kumletea hazina. Hazina, alisema Kardushi, majini wavivu ndio wanaozigawa. Yeye alikuwa mwalimu. Akamfundisha Hamduni kupima kwanza na kulipa baadaye. Akamfundisha kutonunua yote kwa siku moja, maana bei ikishuka kesho atakosa cha kununulia. Akamfundisha kwamba watu wakikimbilia dhahabu kwa hofu, huo ndio wakati wa kuwauzia, na wakiichoka, huo ndio wakati wa kuinunua na kukaa kimya. Na akamkataza kugusa pesa ya unga na kodi. Lakini kabla ya hayo yote, siku ya kwanza, alimwambia jambo moja, naye akamshika sikio ili alisikie vizuri.

"Ewe mwanadamu, usitie katika biashara hii kitu ambacho kikipotea huwezi kuishi bila ya kukiona tena. Jambo hili nalisema mara moja. Asiyeniuliza mara ya pili simwambii."

Hamduni akaitikia, na moyoni akasema kwamba yeye ni maskini, hana kitu cha namna hiyo.

Haikupita muda, uvumi ukaingia Zumbari kwamba mlima umeporomoka juu ya migodi na msafara wa dhahabu umefukiwa. Lo, watu walivyopagawa! Aliyekuwa na nyumba akaiuza anunue dhahabu, na aliyekuwa na ng'ombe akamwuza, na siwa kila ikilia bei imepanda. Kardushi, ambaye sikio lake lisilo na pete husikia mwendo wa siku nyingi, akacheka mpaka jiwe likatikisika. Akamwambia bwana wake kwamba msafara u salama, ngamia wameugua tu, na siku chache zijazo utaingia mjini na bei itaporomoka kuliko huo mlima; basi auze sasa, na ikisha kuanguka anunue.

Lakini Hamduni alikuwa amekwisha kuuza vikorokoro vyake vyote mapema mno, kwa pupa, na hakuwa na cha kuuza. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akamweleza mkewe habari yote, na macho yake hayakutoka kwenye ule mkono wa kushoto.

Bi Ghanima akakataa. Hamduni akamwonyesha paa linalovuja, na kanga yake iliyofifia, akamkumbusha ahadi za nyumba ya ghorofa tangu siku za uchumba. Mwisho mwanamke akaivua bangili, nayo ilitoka kwa shida, maana ilikuwa haijavuliwa tangu msiba.

"Mume wangu," akasema, "iweke rahani. Usiuze. Njaa nitaivumilia, lakini unirudishie hii hii. Niapie."

Hamduni akaapa, na wakati anaapa, wallahi, alikuwa mkweli.

Akaenda kwa mweka rahani, na mweka rahani akampa ahadi ya nusu ya thamani. Naye alipokuwa amesimama pale anajikuna kichwa, siwa ikalia, na bei iliyotangazwa ilikuwa haijapata kutangazwa tangu mji ujengwe. Akapiga hesabu yake ya kifanyabiashara: akiuza leo, baada ya siku chache atanunua bangili mbili kwa bei ya hii moja. Ni mke gani atakayenuna kwa kupewa mbili? Akageuza miguu kwenda kwa watu wa Sultani.

Jiwe likasema mfukoni, kwa sauti ndogo, "Huo ndio mtaji uliouchagua?"

"Ndio."

"Na siku ya kwanza nilikwambia nini?"

"Uliniambia mengi, Kardushi. Niache nifanye kazi."

Jini akanyamaza, maana hakuulizwa. Bangili ikatiwa katika mizani, na Hamduni akalipwa, na kabla ya alasiri tanuri la Sultani lilikuwa limeimeza.

Msafara ukaingia mjini kwa ngoma na zumari, na bei ikaanguka, na watu wakawa wanaitupa dhahabu kama maganda ya ndizi. Hamduni akanunua kidogo, akangoja, akanunua tena, kama alivyofundishwa. Kisha Sultani akatangaza harusi ya binti yake, kila mwanamke wa Zumbari akataka pambo jipya, bei ikapanda taratibu siku hadi siku, na Hamduni akauza kidogo kidogo, na haukwisha mwaka ila amekuwa tajiri, ana nyumba ya ghorofa yenye milango ya nakshi, na wale wauza makaa wanamwita Sheikh, tena kwa kuinama. Na kila Bi Ghanima alipouliza juu ya bangili, aliambiwa subiri, iko njiani.

Siku waliyohamia nyumba mpya akamletea sanduku la hariri. Ndani yake mlikuwa na bangili mbili, nzito, zimetiwa yakuti. Bi Ghanima akaichukua moja, akapitisha kidole gumba ukingoni, akaizungusha yote. Akaichukua ya pili, akafanya vile vile.

"Yako wapi meno ya mwanangu?"

Hamduni akasema kwamba hizi zina uzito mara mbili ya ile.

"Sikukuuliza uzito."

Akafungua kinywa amwambie yale maneno yake ya sokoni, kwamba dhahabu ni dhahabu. Hapo ndipo alipowakumbuka wale wanawake wote waliobusu vitu vyao mbele ya mizani yake, naye akicheka. Bi Ghanima hakupiga kelele. Aliziweka bangili sandukuni, akafunga nguo zake, akaenda nyumbani kwa kaka yake, na kutoka huko akatuma mtu kuomba talaka. Na Hamduni, kwa aibu, akampa.

Akalisugua jiwe mpaka viganja vikachubuka. "Irudishe," akamwambia Kardushi.

"Kama ingezama baharini ningeizamia," jini akasema, "na kama ingemezwa na joka ningempasua. Lakini hii imeyeyushwa. Dhahabu yake iko yote, haikupotea hata chembe. Nusu ni kikuku cha mguu wa binti Sultani, robo ni kipini cha jambia la amiri wa jeshi, na kilichobaki ni jino la waziri. Alama nne zile hazimo katika kimojawapo. Moto hauweki kumbukumbu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nilikushika na sikio."

Hamduni akafikiri, akaona kwamba hata dhahabu ile ile pasipo alama ni afadhali kuliko dhahabu ya watu wengine. Akaenda kwa amiri, akakinunua kipini kwa farasi zake wote. Akaenda kwa waziri, na waziri, aliyekuwa mtu wa kupenda kutabasamu barazani, akasema hatoi jino ila kwa nyumba ya ghorofa, milango na yote. Na likang'olewa papo hapo, na tangu siku ile waziri akawa mtu mkali sana, kumbe anaficha pengo. Kikabaki kikuku. Hamduni akaingia mbele ya Sultani, akapiga magoti.

"Maulana, mja wako ana mizigo saba ya dhahabu. Naomba kuitoa yote kwa kikuku kimoja cha binti yako."

Sultani akasema, "Ewe Hamduni, wewe ndiwe stadi wa soko langu. Tangu lini stadi akatoa saba kwa moja?"

Hamduni akasimulia yote, wala hakujipamba, na alipofika kwenye alama nne, binti Sultani, aliyekuwa nyuma ya pazia na mtoto wake mchanga mapajani, akakivua kikuku mwenyewe akakipitisha chini ya pazia. Sultani akaifuta sheria ya babu yake, akaamuru kwamba tangu siku hiyo kitu kilichouzwa kitundikwe kwanza ukutani sokoni mpaka mwezi mwingine uandame, ili mwenye kujuta apate kukikomboa, na Hamduni akafanywa msimamizi wa ukuta huo, kwa mshahara mzuri. Mizigo saba Sultani akaipokea yote, maana masultani ni masultani.

Sonara akaunganisha vile vitatu, akafua bangili ya umbo lile na uzito ule. Hamduni akaenda nayo kwa kaka yake Bi Ghanima, akaposa upya, kama kijana, na bangili ndiyo mahari. Bi Ghanima akaishika kwa muda. Akauliza kama ni dhahabu ile. Akaambiwa ndiyo, na jino la waziri lilivyong'olewa pia akaelezwa, na hapo tu ndipo alipocheka, kidogo. Wakaozwa. Lakini bangili aliivaa mkono wa kulia, na ule wa kushoto akauacha mtupu. Nalo jiwe jeusi Hamduni alimpa msafiri mmoja kijana, akamwambia: "Atakachokuambia kwanza, mwulize mara ya pili."

Mungu akawajalia mtoto wa kiume, wakamwita Faridi. Akafika umri wa kuota meno, na siku moja Hamduni akaingia ndani, akamkuta mapajani mwa mama yake ameing'ang'ania ile bangili, anatafuna huku udenda unamtiririka. Alipomwondoa akaona ukingoni alama mbili, ndogo kama tembe za mtama. Machozi yakamtoka.

"Mke wangu, tazama. Yamerudi."

Bi Ghanima akazipapasa kwa kidole gumba, taratibu, moja kisha nyingine.

"Hayakurudi, mume wangu," akasema. "Haya ni ya huyu."

Akamrudishia mtoto bangili aendelee kutafuna. Wakaishi katika neema na heshima mpaka aliyeandikiwa kuwatenganisha alipokuja. Nanyi mnaotaka kuingia katika biashara ya dhahabu, ingieni, ina faida, mimi sikatazi. Lakini kabla ya kwenda sokoni tengeni ile ya kuuza na ile isiyouzwa, na mtenge asubuhi, siwa haijalia. Hekaya yangu imefika ilikokuwa inakwenda, na mimi nimebaki papa hapa nilipoianzia.