Jiwe la Kufulia

Wote wanaoisimulia habari hii hukwama mahali pamoja, na hata anayeisimulia sasa hajapata jibu: kwa nini Nyamizi, aliyejua jiwe lilipo, hakusema.

Mtu mmoja, jina lake Lugendo, alikuwa na kiwanja kidogo kando ya mto unaopita katikati ya mji. Alipofika pale, maji yalipita hatua tano tu kutoka mlangoni kwake. Ukingoni palikuwa na jiwe pana, jeusi, ambalo wanawake wa ng'ambo zote mbili walifulia nguo. Mkewe alifulia hapo, bega kwa bega na Nyamizi wa ng'ambo ya pili, mpaka mwaka aliofariki.

Lugendo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na vyumba viwili. Kila kiangazi alijaza viroba udongo na taka, akavipanga majini, akavishindilia kwa miguu. Kila mwaka alipata hatua moja ya ardhi, na mto ukasogea hatua moja upande wa pili. Majirani waliona, nao wakafanya vivyo hivyo. Baada ya miaka ishirini na mitano, jiko la Lugendo lilikuwa limesimama juu ya lile jiwe, na maji yalikuwa mbali. Ng'ambo, mto ulikuwa umekula shamba la mahindi la Nyamizi, kisha choo chake, na mvua zilipokolea aliyasikia maji yakigonga ukuta.

Ndipo wakuu wa mji wakaazimia kuurudishia mto heshima yake. Taka zingezolewa, miti ingepandwa, njia na viti vingewekwa, ili mtu yeyote apumzike kivulini bila kuulizwa anatoka wapi. Lilikuwa jambo jema, na watu walilipigia makofi. Ila kila nyumba iliyo ndani ya hatua ishirini kutoka ukingoni ingeondoka.

Siku ya mkutano, mpimaji alisimama na kamba yake mkononi.

"Ukingo upi, mwanangu?" Nyamizi akamwuliza. "Mto huu umehama."

"Umehama!" akadakia jirani mmoja wa Lugendo. "Umejitwika godoro, mama, au ulikodi mkokoteni?"

Watu wakaangua kicheko. Mpimaji hakucheka. Alisema kwamba kama ipo alama ya zamani, aonyeshwe, naye atapima kutoka hapo. Nyamizi, ambaye ng'ambo ya pili ndiye pekee aliyebaki kati ya waliofulia pale, akamgeukia Lugendo.

"Baba Siwema, wewe ndiye uliyetangulia kufika hapa. Waambie jiwe letu liko wapi."

Lugendo aliziona nyuso za majirani zake. Nyumba saba zilisimama juu ya viroba, na zote zilijifunza kwake. Angesema neno moja, zote zingeanguka, na yake ya kwanza. Harufu ya sabuni ya mkewe ikamjia puani, sijui kutoka wapi, nayo ikapita.

"Lilizolewa na mafuriko, mama," akasema.

"Haya. Kama ni mafuriko," Nyamizi akasema. Akajifunga khanga yake upya, akaketi. Angeweza kunyoosha kidole tu kuelekea kwenye moshi wa lile jiko. Hakunyoosha.

Ikaamuliwa kwamba kamba ishikwe pale maji yapitapo leo. Upande wa Lugendo haikuguswa hata nyumba moja. Ng'ambo, nyumba tatu zilitiwa alama nyekundu, na wenyewe wakapewa siku saba za kuzibomoa kwa mikono yao ili waokoe bati na mbao. Nyamizi hakuwa na mtoto wa kumpandia juu ya paa. Lakini desturi ya pale ni moja, na mkutano ukaikumbusha: mkono ulioezeka ndio huezua. Na nyumba ile, miaka mingi nyuma, iliezekwa na Lugendo, mkewe akiwa chini na Nyamizi, wakimpa misumari.

Siku ya saba Lugendo akavuka mto. Akapanda juu, akang'oa bati moja baada ya jingine. Na chini Nyamizi akayapokea.