Mila za Kwa Bwana Mselem

Bwana Mselem, mwenye hoteli Unguja, alimwita Bi Mwanaesha, mtembeza wageni.

“Warekodie Wafaransa mila zetu humu kwenye simu, wawe wanazisikiliza. Wakishakuwa na rekodi hiyo, wewe sikuhitaji tena.”

“Hata mila za kukaribishana, bwana?”

“Zote! Usinibanie hata moja.”

Bi Mwanaesha akasimulia kwa Kifaransa. Bwana Mselem, asiyejua hata neno, akawa anaitikia kwa kichwa kama msomi.

Jumatatu Wafaransa walikuja na simu masikioni, wakala pweza, wakainuka bila kulipa. Bwana Mselem akafoka mpaka kofia ikamdondoka. Wakaketi tena, wakitabasamu.

“Simu imetueleza,” mmoja alisema kwa Kiswahili cha kubabaisha. “Kwenu mgeni halipi chakula. Na mwenyeji akifoka, anamsihi aongeze sahani.”