Kwa Nini Mleta Habari Hupunguza Mwendo

Mjukuu wangu Kabula, umeingia mbio unahema kama mbuzi aliyefukuzwa shambani. Kaa chini, kunywa maji kwanza. Habari yako nitaisikia, lakini utaanza wewe kunisikia mimi. Na nyinyi wengine sogeeni.

Zamani, kabla watu hawajapanda minyaa kuzunguka nyumba zao, habari zililetwa mbio. Aliyefika wa kwanza ndiye aliyesifiwa, na hakuna aliyemshinda Lugembe. Kijana yule miguu alikuwa nayo. Akili ilimfuata nyuma.

Siku moja alikuwa akivuka mto uliofurika pamoja na rafiki yake Shigela, mtoto wa pekee wa Bibi Nyamizi. Maji yakamchukua Shigela. Lugembe akaita mara mbili, asiitikiwe, akatimua mbio. Hakupumzika wala hakugeuka nyuma. Akamkuta Nyamizi anapepeta mtama, akamwambia hata kabla hajasimama: "Mama, Shigela kafa maji."

Nyamizi hakulia. Aliweka ungo chini vizuri, akaegemea ukuta, na moyo wake ukasimama palepale.

Wanawake walikuwa bado wanamfunika Nyamizi, mara Shigela akatokea, amelowa, anachechemea. Alikuwa amenasa kwenye mizizi chini kidogo ya kivuko, akajitoa, akamfuata Lugembe njia nzima akimwita, "Punguza mwendo, nisubiri." Lugembe angetembea tu kama watu wengine, wangefika pamoja, na mama angempokea mwanawe.

Lugembe alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakukimbia tena maishani mwake. Alipanda minyaa kuzunguka nyumba ile, akaacha mlango mwembamba usiopitika mbio, na kila alipofika hapo alisimama, akakohoa, akasubiri kuitwa. Watu wakamwiga.

Na tangu siku hiyo, kwetu habari huingia kwa kutembea. Iwe ya harusi, iwe ya msiba, afikaye penye minyaa hupunguza mwendo, akakaribishwa, akapewa maji, ndipo akaulizwa. Haraka haraka haina baraka, mnasema kila siku, wala hamjui nani aliilipia.

Haya, Kabula, maji umemaliza. Najua baba yako alivuka mto leo asubuhi, na najua umetoka huko. Nilikuwa naogopa, sasa nimeshakaa vizuri. Sema.