Nadhiri ya Mwinjuma Jangwani

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kuvaa koti, ni zamani ya juzijuzi tu, simu zikiwa zimeshajua kupiga picha, alikuwako mtu wa Pangani aitwaye Mwinjuma. Mungu alimpa vitu viwili kwa wingi: mdomo mpana, na kichwa chenye nafasi.

Mwinjuma alihamia Amerika, pande za Arizona, huko kusini-magharibi ambako jua huchomoza likiwa limeshakasirika. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hospitali katika chumba kisicho na dirisha. Lakini shuka halisimuliki. Kwa hiyo kila alipopiga simu nyumbani alisimulia jangwa: nyoka waliompisha njia, milima iliyomwitikia salamu. Akiulizwa, "Wewe, huogopi kupotea?" alicheka mpaka simu ikakoroma.

"Hili jangwa? Jangwa hili linanijua kwa jina la baba!"

Ukweli ni kwamba kwa miaka tisa jangwa alilijua kwa kalenda. Ilitundikwa ukutani pale kazini, picha kumi na mbili, kila mwezi na mahali pake. Mwinjuma alikunja shuka, akatazama picha, akakunja shuka, akatazama picha. Hicho ndicho chuo alichosoma.

Basi siku moja wenzake watatu wa Pangani, waliotoka jando moja naye, wakamwambia tunakuja wiki nzima, utuoneshe hilo jangwa lako. Mwinjuma akasema karibuni. Alipokata simu akaenda kuketi chooni, akafikiri.

Wa kwanza alikuwa Hizza, muuza kahawa, mtu wa maneno machache, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili na hana mtoto. Wa pili Kombo, mkwezi wa minazi, miguu kama koleo. Wa tatu Mhina, fundi cherehani, ambaye mdomo wake haukuumbiwa kitasa. Ukimwambia siri asubuhi, adhuhuri unauziwa sokoni.

Nyumbani walimkuta Mwanahawa, mke wa Mwinjuma, mimba ya miezi minane, baada ya miaka kumi na miwili ya kungoja. Mtoto wa kiume, mashine ilikwisha sema.

"Shemeji zangu, tembeeni," Mwanahawa akasema. "Ila msitoke kwenye lami. Huyu kaka yenu msimsikilize. Huyu hupotea akitafuta swichi ya taa."

"Mwanamke, wageni!" Mwinjuma akanong'ona.

Siku ya kwanza, picha ya Januari. Akawapeleka kwenye madungusi, mimea ya miiba mitupu, marefu kuliko mnara wa msikiti, yameinua mikono kama watu waliokamatwa.

"Lina umri gani hili?" Kombo akauliza.

"Hili? Nilipofika lilikuwa linanifikia magotini."

Mhina akasoma kibao. "Pameandikwa miaka mia na hamsini."

"Basi nimekaa sana," akasema Mwinjuma. "Jangwa hili linanijua kwa jina la baba."

"Haya, Bwana Jangwa," wenzake wakaitikia.

Siku ya pili, Februari. Akawapeleka kwenye shimo kubwa la ajabu, ukichungulia roho inatangulia.

"Nani kalichimba?" Mhina akauliza.

"Mto."

"Mto wenyewe uko wapi?"

"Kule chini, ule uzi."

Hizza akatikisa kichwa. "Mto wetu Pangani una adabu. Unapita, hauvunji kitu cha mtu."

Siku ya tatu, Machi, mchanga mweupe mpaka mwisho wa macho. Kombo akapanda kilima, akashuka, akapanda kingine. "Pwani nimeiona. Bahari mmeipeleka wapi?" Siku ya nne, Aprili, miti iliyolala chini ikageuka mawe. Kombo akaigonga kwa kidole, akasikitika kama yuko msibani. Siku ya tano, Mei, milima myekundu. Kila siku Mwinjuma akasema jangwa linamjua kwa jina la baba, kila siku wenzake wakaitikia, "Haya, Bwana Jangwa," na kila siku akazidi kuamini. Ndiyo hatari ya uongo, jamani: anayeusikia sana ni msemaji.

Siku ya sita ikawa zamu ya Juni. Picha ya Juni ilikuwa mwamba wenye michoro ya viganja vya watu wa kale. Lakini jina la mahali lilikuwa chini ya doa la mchuzi, na mchuzi ule aliumwaga Mwinjuma mwenyewe. Basi akang'oa karatasi, akaitia mfukoni, akawaapisha wenzake.

"Huko ni nje ya lami. Mwanahawa ajue tuko msikitini, kisha madukani. Siri ya jando."

"Siri ya jando," akasema Hizza.

"Siri ya jando," akasema Kombo.

"Siri ya jando," akasema Mhina, na tayari alikuwa anawashwa.

Siku hiyo Bwana Jangwa alivaa rasmi: kofia pana ya wachunga ng'ombe, na suruali nyekundu iliyoiva kama pilipili. Kwenye kituo cha mafuta akamwonesha muuzaji ile karatasi. Muuzaji akataja jina la mahali na njia yake: fuata vumbi kuelekea kusini, tazama mwamba, rudi kaskazini hivyo hivyo. Mhina akasema anakwenda kujisaidia. Akakawia.

Mwamba wakauona. Viganja wakaviona. Ni kurudi ndiko kulikokuwa na neno, kwa sababu walifika njia panda ambayo wakati wa kwenda hawakuiona, na simu zote zilikuwa zimekufa mtandao.

"Kulia au kushoto?" Kombo akauliza.

Mwinjuma akatabasamu. Akatoa mswala wake, ambao una dira ndogo ya kibla, yenye picha ya msikiti inayoelekea Makka. Imamu wa kule mjini kwake ndiye aliyemwekea sawa ielekee kibla cha huko.

"Tunataka kaskazini. Kibla ni wapi? Kaskazini. Mtoto wa chuoni anajua."

Na kweli, Pangani kibla ni kaskazini. Wote wanne walizaliwa wakisali kaskazini, wakafundishwa kuwa kaskazini ndiko kibla. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwa Arizona si Pangani, na kwamba mtu akisimama kule, Makka imehamia upande wa kaskazini-mashariki. Wakafuata picha ya msikiti. Wakashika kulia. Kila njia ilipogawanyika, wakashika kulia. Watu wanne wacha Mungu wakaenda zao kwa imani mpaka katikati ya mto mkavu, gari likazama mchangani hadi mlangoni, na rejeta ikaanza kupika.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwinjuma akamimina maji kwenye rejeta, chupa baada ya chupa, huku akieleza namna wajuzi wanavyofanya. Yakamwagikia chini yote, mchanga ukayanywa.

"Hizza, maji yamebaki?"

"Yamekwisha," akasema Hizza.

Saa tano. Saa sita. Hapo walipokuwa palikuwa na mnara wa chuma, mrefu, wenye pangaboi la kuvutia maji ya ng'ombe. Lakini ng'ombe walikwisha ondoka, na maji yaliwafuata. Mwinjuma alikaa kwenye kivuli cha gari, ulimi umekuwa gunzi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusema, akaogopa zaidi kwa sababu hiyo. Akamwona Mwanahawa peke yake, na mtoto asiyemjua baba.

"Nawekea Mwenyezi Mungu nadhiri," akasema, na sauti haikuwa ya kalenda. "Atakayetutoa hapa tukiwa hai, mwanangu atachukua jina lake."

Wenzake wote watatu wakamgeukia. Kwao jina si kitu cha kuitana tu. Mtoto akichukua jina lako wewe ni somo wake: wewe ndiye wa kumlambisha tende kabla ulimi wake haujaonja kitu, na siku ukifa yeye ndiye jina lako linalotembea.

Hizza akainuka, akaenda nyuma ya gari. Akainua tairi la akiba. Chini yake palikuwa na chupa sita za maji.

"We Hizza! Si ulisema yamekwisha?"

"Nilisema uongo. Ningesema yapo ungeyamwaga. Tangu siku ya kwanza naficha moja kila siku. Sikukuamini hata dakika moja, ndugu yangu." Akatoa kikombe chake kidogo cha kahawa, akawapimia. Kikombe kimoja kila mtu, kisha wangoje. Kikombe, wangoje. Walipolia akawakatalia.

Kombo akautazama mnara. Palikuwa na kibao: marufuku kupanda. Akafunga kitanzi cha kamba miguuni.

"Nipe suruali yako, Mwinjuma."

"Suruali yangu ya nini?"

"Ndiyo kitu pekee hapa kinachoonekana kutoka peponi. Vua!"

Akakataa. Kombo akamvua. Bwana Jangwa akabaki na kofia pana na chupi, na mkwezi akapanda chuma kinachochoma kama kaango, viganja vikababuka, akakaa huko juu akiipunga suruali. Dakika kumi, nusu saa, saa nzima.

Kumbe yule Mhina, kule kituo cha mafuta, siri ilimshinda. Alimpigia Mwanahawa akamwambia kila kitu, jina la mahali, njia, hata rangi ya suruali. Mwanahawa akangoja mpaka adhuhuri, akampigia mumewe simu, haikupatikana. Akawapigia askari wa mbuga, akawakera mpaka wakawasha gari. Askari, mama mmoja mnene, alifika njia panda, akazunguka, hakuona kitu. Alikuwa keshageuza arudi alipoona kitu chekundu kikipepea angani, mbali sana, upande ambao hapiti mtu.

Akawatoa. Akatazama dira, akaelezwa, akacheka mpaka akashika usukani kwa mikono miwili.

Mwanahawa alimwona mumewe anashuka garini na kofia na chupi. Akafungua mdomo amtukane, uchungu ukamshika hapo hapo. Alfajiri ya siku ya saba akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele za baba yake.

Ndege ya wageni ilikuwa ya alasiri. Tende imeletwa, imewekwa sahanini. Muuguzi kasimama na fomu, na kisanduku cha jina la kwanza ni kimoja.

"Tuhesabiane kwa haki," Kombo akaanza, mikono imefungwa bandeji. "Askari alikuwa anaondoka. Nani alimrudisha? Nadhiri ilisema atakayetutoa. Mimi ndiye niliyewatoa."

"Askari alifuata nini huko?" Mhina akadakia. "Alikwenda kuokota kuni? Nimeitwa mmbeya maisha yangu yote, leo umbeya wangu umewatoa watu kaburini, mnautemea mate! Usingefika askari, ungepunga suruali hadi leo."

"Ulivunja siri ya jando."

"Ningeitunza mngekuwa mifupa yenye siri!"

Hizza alikuwa anaitazama tende. "Mimi sikumleta askari," akasema polepole. "Lakini Kombo alipanda kwa maji ya nani? Askari angekuta watu, au angekuta maiti? Sitaki kugombana. Kombo ana watoto saba. Mhina ana wajina wanne, hajui hata birthdei zao. Mimi jina langu nikifa nalo linazikwa."

"Ah, Hizza, huruma si hoja," akasema Kombo, lakini hakumtazama usoni.

"Na ulisema yamekwisha, uongo," akasema Mhina. "Mtoto apewe jina la mwongo?"

"Mmoja mwongo, mmoja mmbeya, mmoja mvua watu nguo," Mwinjuma akasema. "Tena tusisahau, nisingewapoteza mimi, hakuna ambaye angeokoa mtu. Kwa hesabu hiyo..."

"Nyamaza!" wakasema wote watatu.

Na hapo kitandani Mwanahawa akaongea, kwa sauti ndogo.

"Baba Fulani, nikuulize. Uliweka nadhiri kwa kitu cha nani? Miaka kumi na miwili nalia, miezi tisa kasoro nabeba, na jina nimekwisha mpa zamani, naliita kila usiku nikishika tumbo: Pandu, jina la baba yangu, aliyekufa akiningoja nizae. Wewe umekaa mchangani bila suruali, ukaligawa. Na askari, mwenye kumpigia alikuwa nani? Umbeya wa shemeji Mhina ungeishia sikioni kwangu kama nisingeuamini."

Mwinjuma akatazama chini. Nadhiri ni deni la Mungu, hailiwi. Wenzake wa jando ni hawa watatu, hatapata wengine. Na mke ni huyu.

Muuguzi akauliza mara ya tatu, kalamu mkononi. Mtoto akafungua kinywa, akangoja tende.

Haya, ninyi mnaojua hukumu, mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Yuko aliyesema uongo akawanywesha, yuko aliyevunja kiapo akaita msaada, yuko aliyepanda palipokatazwa akaonekana, na yuko aliyembeba mtoto, hakuulizwa. Je, nani alistahili jina?