Jino la Fisi na Mchawi Wake

Nina neno mdomoni!
Liteme, bibi!
Chungu!
Tutalimeza!

Hapo kale Fisi aliumwa jino. Aliumwa asubuhi, aliumwa mchana, uu! uu! uu! Nguvu alikuwa nazo za kuvunja fupa la nyati, na tamaa ya kula hata kivuli chake, lakini jino lilimliza kama kitoto. Kujitazama kinywani? Wapi! Fisi alijua moja tu: karogwa.

Akamwendea Bi Pimbi, kijinyama cha majabalini, fundi wa dawa. Naye alikuwa na msiba. Bintiye Kiduchu alitoka kuota jua, hakurudi. Siku ya saba hiyo.

"Pole, dada," Fisi akasema. "Ila mwenzio nimerogwa. Nitajie mchawi."

"Achama, kaka."

Fisi akaachama. Bi Pimbi akachomeka kigogo, asije akafumba, akachungulia. Nyuma kabisa, ufizi umevimba kando ya gego, na ndani yake ushanga mwekundu. Ushanga wa kiunoni, aliomfunga Kiduchu kwa mkono wake siku ya arobaini.

Akaokota jiwe.

"Nimemwona mchawi, kaka. Kajificha kwenye jino hili la mbele. Nimng'oe?"

"Ng'aa!" Fisi akaitika, kinywa wazi.

Jiwe likagonga, ko! ko! ko! Jino chini, tu!

"Lo! Kahamia la pili. Nimng'oe?"

"Ng'aa!"

Ko! ko! ko! Tu!

"Lo! Ana mbio huyu! Kahamia la tatu. Nimng'oe?"

"Ng'aa!"

Hata yakaisha yote, likabaki gego lile lile. Bi Pimbi akachomoa kigogo.

"Na hili linaloniuma?" Fisi akauliza, damu kidevuni.

"Hilo zima, kaka. Litunze. Ndiko aliko mwanangu."

Fisi akamrukia, akamkamata mguu, akauma. Fizi zikateleza. Baadaye Fisi akafa njaa kando ya mzoga wa nyati, jino lingali likimuuma.

Majirani wakaja mbio. "Hongera, Bi Pimbi! Sisi tulijua toka siku ile! Mtoto tulimsikia akilia!"

Bi Pimbi akawatazama mmoja mmoja. Kiduchu hayupo, na majirani ndio hao hao.

Ngano imekatika mkia, anayeutaka aufuate. Na mafunzo yake, wajukuu zangu: ukishamla mtoto wa jirani, piga mswaki.