Jembe Lililovunjikia Kileleni

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na moto?

— Ukazimika!

Palikuwa na mvukuto?

— Ukapasuka!

Palikuwa na watu?

— Wakabaki wachache!

Basi hao wachache ndio wenye ngano yangu. Sogeeni. Aliye na usingizi amwachie nafasi aliye na masikio.

Hapo kale, na kale haina mlango wa kubisha, palikuwa na mji uitwao Chumani. Watu wake walichimba mawe mekundu, wakayatia katika tanuri la udongo, wakayachoma mpaka yakatoa chuma. Chuma wakakifua majembe. Nchi nzima ililima kwa majembe yao. Ukisikia jembe la Chumani, umesikia jembe.

Halafu vikaja vita na watu wa Kileleni, majirani zao wa mlimani. Miaka saba. Majembe yakafuliwa mikuki. Miti ikakatwa ikawa boma, magogo mazito kuuzunguka mji. Na wale vijana ishirini waliokuwa wakivuta mivukuto, ile mifuko ya kupulizia moto, wale wenye vifua kama ngoma, walitoka langoni wakiimba na hawakurudi. Mwaka wa saba pande zote zikachoka. Hakushinda mtu. Walichoka tu, kama wagomvi walioangushana, kila mmoja anangoja mwenzake ainuke kwanza.

Asubuhi ya amani, Chumani wakaamka wakaenda shamba na vijiti. Wewe uliyekaa hapo, umewahi kulima kwa kijiti? Unakwaruza ardhi, ardhi inakucheka.

Imebaki miezi mitatu mvua ije. Bila jembe hakuna shamba. Bila shamba, waliosazwa na mkuki watamalizwa na njaa.

Mkuu wa wahunzi aliitwa Sikombe. Huyu bwana hakuweza kuketi. Miguu yake ilikuwa kama imejaa siafu. Akila, alikula amesimama. Akisali, alisali akitembea. Nami simcheki, maana nami nimesali mara nyingi nikiwaza chungu kilichoko jikoni, Mungu anisamehe. Sikombe alizunguka mji kutwa, anapiga makofi, anaimba:

*Vukuta, vukuta, mvua i njiani!*

Sasa sikilizeni desturi ya Chumani. Tanuri haliwashwi na watu wenye kinyongo. Kabla ya moto, kila mhunzi husimama mbele ya wenzake, hutaja kosa lake, husukutua maji, huyatema. Walisema chuma ni kama mtoto, hakikui katika nyumba ya ugomvi.

Mwezi wa kwanza wakajenga tanuri la namna ya zamani. Sikombe akasimama kutema.

"Niliiba yai la kuku wa jirani," akasema. Pwee! Akatema.

Watu wakacheka. Wakawasha. Wa kuvuta mivukuto ni nani? Wajane. Vilema wa vita. Sikombe anawazunguka: "Vukuta, vukuta, mvua i njiani!" Siku ya pili mama mmoja akaanguka kifudifudi juu ya mvukuto. Moto ukapoa. Walipobomoa tanuri wakakuta mavi ya chuma, zile takataka nyeusi zisizofaa hata kupondea kunguni.

Mwezi wa pili, mkuu wa mji, waliyemwita Mwene, akasema, "Dawa ya tanuri dogo ni tanuri kubwa." Sikombe akaona ni sawa, kwa kuwa mwenye haraka huona kila kikubwa ni cha upesi. Wakakata miti ya mwisho, ile iliyokizunguka kisima, wapate makaa. Sikombe akasimama kutema.

"Niliiba yai la kuku wa jirani."

"Yai lile lile?" akauliza mzee mmoja. "Halijaanguliwa tu?"

Pwee! Wakawasha. Tanuri likala makaa kama fisi harusini. Wavutaji wakaanguka watatu, na kisima, kwa kukosa kivuli, kikaanza kukauka. Walipobomoa wakakuta nini?

— Mavi ya chuma!

Mmejibu vyema. Ukabaki mwezi mmoja.

Hapo Sikombe akaacha kupiga makofi. Kwa mara ya kwanza akawatazama watu badala ya kuitazama anga. Akaona mikono iliyobaki: mikono ya wajane, ya vilema, ya wazee. Akakumbuka jambo. Mwaka wa nne wa vita, alipokuwa mkimbizi nchi ya mbali, aliona gurudumu la mbao likizungushwa na mto, linasaga mtama, na mwenye kinu ameketi anasuka mkeka.

Akakimbilia kwa Nakazwe.

Nakazwe alikuwa mfinyanzi. Yeye ndiye aliyefinyanga mirija ya udongo inayopeleka upepo wa mivukuto ndani ya tanuri. Wanawe watatu walikuwa miongoni mwa wale ishirini. Sikombe alimkuta anaukwangua mrija kwa kipande cha chuma, kwaru, kwaru.

"Mama, maji yavute mivukuto! Gurudumu mtoni, kijiti hapa, kamba hapa, linainua, linashusha. Watu waangalie tu."

"Keti unieleze."

"Sina nafasi ya kuketi."

"Haya, nieleze ukirukaruka. Mto tunao?"

Hawakuwa nao. Mto wa Chumani ulikuwa umegeuzwa. Watu wa Kileleni, walioshika chemchemi, waliupindisha siku ya kwanza ya vita.

"Na makaa tunayo?"

Makaa hayakuwapo. Palikuwa na magogo ya boma tu, makavu kama mifupa. Lakini nani avunje boma lake na jirani hajasema naye?

"Kwa hiyo gurudumu lako," akasema Nakazwe, "linataka kwanza tupatane na Kileleni."

"Hao? Watu walioanzisha vita kwa sababu ya majembe?"

"Majembe yalivunjika, Sikombe."

"Walilima vibaya!"

Nakazwe akaendelea kukwangua. Kwaru, kwaru. Habari yenyewe ni hii: kabla ya vita, watu wa Kileleni walipelekewa mizigo saba ya majembe ya Chumani. Siku ya kwanza ya kulima, yakavunjika yote. Wakashuka kulalamika. Chumani wakawajibu, "Mmelima vibaya." Wakarudi mara ya pili, wakajibiwa hivyo hivyo. Mara ya tatu wakayatupa majembe yaliyovunjika langoni, na jioni yake mkuki wa kwanza ukaruka. Siku ile Nakazwe aliokota kipande kimoja. Alipotazama palipokatikia aliona madoa meusi, matundu kama ya mkate. Mavi ya chuma. Jembe lililotolewa motoni kabla ya wakati wake. Wahunzi walikuwa wanne mwaka ule. Yupi? Hakujua. Akakitumia kipande kile kukwangulia udongo miaka yote saba, na kila akikwangua, anajiuliza.

"Sawa," Nakazwe akamwambia Sikombe. "Lakini safari hii maji ya kutema nitayaleta mimi."

Siku ya kutema ikafika. Mji wote ukakusanyika. Nakazwe akaja na kibuyu, akawaita wale wahunzi wanne kando, mmoja mmoja.

"Maji haya nimeyatia dawa," akamnong'oneza kila mmoja. "Aliye safi atayaona machungu kama shubiri. Anayeficha kosa kubwa, yatamgeukia matamu. Onja, uniambie sikioni."

Wa kwanza akaonja, akakuna kichwa. "Shangazi, mbona naona ni maji tu?"

Wa pili akaonja. "Maji tu, mama. Au dawa imelala?"

Wa tatu akaonja mara mbili. "Kama nina dhambi nimeisahau. Mimi naona maji."

Akaja Sikombe. Akaonja. Akakunja uso.

"Machungu!" akasema. "Lo! Machungu kama shubiri yenyewe!"

Nakazwe akakipokea kibuyu. "Mwanangu," akasema taratibu, "ni maji ya kisimani. Sikutia kitu."

Kisha akamwekea mkononi kile kipande cha jembe, akaenda zake kuketi kwenye kigoda. Hakumwambia mtu.

Oo, ndugu zangu! Sikombe angeweza kutaja yai. Yai lilikuwapo tayari mdomoni, limeshazoea njia. Wangecheka, wangewasha moto, na Nakazwe angenyamaza. Sikombe akasimama mbele ya watu. Siafu wa miguuni wakamtambaa, lakini hakutembea.

"Niliiba..." akaanza.

"Yai!" wakadakia watu.

"Hapana," akasema Sikombe. "Niliiba wakati. Chuma cha ile mizigo saba kilitaka siku tatu motoni, mimi nikakitoa siku ya pili. Nilitaka kusifiwa kuwa Sikombe hana mpinzani kwa wepesi. Niliona madoa. Nikayafua juu kwa juu, nikayang'arisha. Watu wa Kileleni hawakulima vibaya. Mimi nilifua vibaya."

Hakuna aliyecheka.

Halafu mji ukalipuka. "Afukuzwe!" "Apigwe mawe!" "Mume wangu! Mume wangu kwa sababu ya jembe!" Mwene akainua mkono, hakuna aliyemwona. Ndipo Nakazwe akainuka.

"Mimi nilizaa watatu," akasema. "Kuna aliyetoa zaidi yangu? Basi acheni niseme. Kumsamehe leo siwezi, mdomo wangu umekataa, na Mungu anauona. Lakini mkimfukuza, nani atajenga gurudumu? Sitalima tena kwa kijiti ili hasira yangu ishibe. Apande Kileleni akayaseme hayo aliyoyasema hapa. Akirudi hai, tujenge."

Sikombe akapanda. Hakuchukua mkuki, alichukua kile kipande tu. Mkuu wa Kileleni alikuwa bibi mmoja, Wangao, mfupi, mkali kama pilipili kichaa.

"Unataka nini, mwana wa Chumani?"

"Hamkulima vibaya. Mimi nilifua vibaya."

"Sema tena, sikio langu hili ni bovu."

"Hamkulima vibaya. Mimi nilifua vibaya."

"Tena! Wale wa nyuma hawajasikia."

Akasema mara ya tatu, machozi yanamtoka. Wangao akakipokea kile kipande, akakigeuzageuza. Akauma mdomo.

"Miaka saba nimengoja neno hilo," akasema. "Na kwa kuwa umetema, nami nitatema. Katikati ya vita mlimtuma mjumbe wa mwisho, naye hakuja na silaha. Alikuja kuuliza tu kama tutapatana. Sisi tukamchoma mkuki." Akafuta uso kwa kanga. "Mto nitaufungua. Lakini boma livunjwe, na jembe la kwanza nitalijaribu mimi, kwa mkono wangu, juu ya jiwe langu. Likivunjika, msirudi hapa."

Mvua i njiani! Chumani wakang'oa boma. Magogo yakachomwa makaa. Na yale mashimo yaliyobaki kuuzunguka mji, Nakazwe akasema yasifukiwe, shimo lililokwisha kuchimbwa haliachwi tupu. Wakapanda mche katika kila shimo. Mto ukarudi, kwanza mchafu, halafu mweupe. Gurudumu likazunguka. Mvukuto ukainuka, ukashuka, fuu, fuu, na aliyeuangalia alikuwa mzee wa mguu mmoja, ameketi kwenye kigoda, anaongeza maji kwa kuinua ubao mdogo kama mtu atiaye chumvi mchuzini. Wajane wakapata mikono ya kusafisha mashamba. Maji yakapewa kazi ya punda, watu wakapewa kazi ya watu.

Siku ya pili ya moto, mawingu yakaanza kujikusanya. Sikombe akashika nyundo, akaliendea tanuri. Akamkuta Nakazwe ameketi mlangoni mwa tanuri.

"Mama, mawingu yale!"

"Bado."

Akazunguka mji mara moja, akarudi. Radi ikanguruma mbali.

"Mama, umesikia?"

"Nina masikio. Bado."

Akazunguka tena. Tone moja likamwangukia puani.

"Mama!"

"Bado."

Sikombe akaishika miguu yake kwa mikono miwili kama mtu azuiaye mbuzi wawili. Akangoja. Jua la siku ya tatu lilipoinama, Nakazwe akaondoka mlangoni. Wakabomoa. Wakakuta chuma. Chuma! Kizito, kijivu, kinalia ukikigonga.

Jembe la kwanza wakalipandisha Kileleni. Wangao akalitia mpini, akalishika, akaliinua juu ya jiwe. Watu wa miji miwili wakasogea.

*Ngiii!*

Likalia. Jiwe likatoka kipande. Wangao akalitazama jembe, akalitazama jiwe, akamtazama Sikombe. "Basi," akasema, "sasa mimi sina kisingizio cha kutolima."

Mvua ikashuka. Kwanza yakafuliwa majembe ya Kileleni, mizigo saba kamili, kisha ya Chumani. Tangu siku ile ikawa desturi kwamba jembe haliendi kwa mtu kabla aliyelifua hajalilimia shambani. Na shamba alilolimia Sikombe lilikuwa la Nakazwe. Hakuagizwa na mtu. Msimu wa kwanza alilima, mama akatazama tu. Msimu wa pili alilima, mama akamletea maji, akayaweka chini, akaondoka. Miche ya kwenye mashimo ya boma ilikuwa imefika magotini.

Msimu wa tatu, jua la utosini, Sikombe amesimama kando ya shamba, anageuka huku na huku, siafu wake wamemjia tena. Nakazwe akatoka na sinia. Akatandika jamvi kivulini. Akaweka vyungu viwili vya maji ya kunawa.

"Keti ule," akasema. "Ugali unapoa."

Sikombe akaketi.

Ngano yangu nimeichoma siku tatu, nimeifua, nimewakabidhi. Ikivunjikia mikononi mwenu, sitasema mmelima vibaya. Njooni mniambie mimi.